Nyekundu na buluu: Kampuni za soda zilivyojijengea jina Mwanza

Barabara ya Makongoro hutoka katikati ya Jiji la Mwanza, hupita Kirumba, hufika Pasiansi na kuendelea hadi uwanja wa ndege. Abiria wa daladala anayeangalia nje dirishani hachukui muda kugundua kwamba biashara ndogo za huku zina rangi mbili kubwa: nyekundu ya Coca-Cola na buluu ya Pepsi. Duka la vyakula, saluni, banda la chipsi, kibanda cha miamala ya simu, vyote vina jina la mwenyewe juu ya mlango, na kando ya jina hilo, mara nyingi kwa herufi kubwa zaidi, jina la soda.

Mwenye duka hakulipia rangi hiyo, na hapo ndipo siri yake ilipo. Kampuni za soda zimetumia redio, televisheni, magazeti na sasa simu za mkononi, lakini Kanda ya Ziwa njia iliyoshinda zote ni ya kale na rahisi. Kampuni humtafutia mtu kitu anachokihitaji na hana fedha ya kukinunua, humpa, kisha huandika jina la soda yake juu ya kitu hicho. Kibao cha duka, friji, mwavuli, meza na viti vya plastiki, jezi, kombe la mashindano. Ukitaka kujua kwa nini mtoto wa Pasiansi hutambua maandishi ya Coca-Cola kabla hajajua kusoma, fuata historia ya zawadi hizo, na ya mapengo zilizokuja kuyaziba.

Kutoka Cartersville

Methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza haikuwahi kufika Atlanta, Marekani. Huko, Mei 8, 1886, kinywaji kipya cha mfamasia John Pemberton kiliuzwa kwa mara ya kwanza katika duka la dawa la Jacobs kwa senti tano glasi moja. Mtunza hesabu wake, Frank Robinson, alikipa jina la Coca-Cola na kuliandika kwa mwandiko ule wa mikunjo ambao mafundi rangi wanaupaka ukutani mpaka leo. Pemberton alifariki mwaka 1888. Haki za kinywaji zikaishia mikononi mwa mfanyabiashara Asa Candler, ambaye mwaka 1892 alianzisha The Coca-Cola Company.

Candler aliona mapema kwamba maji, sukari na gesi ni vitu vinavyoigwa kwa urahisi, ila jina haliigwi. Akaanza kulitembeza. Aligawa kuponi za glasi ya bure, kalenda, saa za ukutani, sinia na vipimajoto, vyote vikiwa na jina la soda, na wenye maduka walivipokea kwa furaha kwa sababu walivihitaji. Mwaka 1894 ukuta wa duka la dawa la Young Brothers katika mji mdogo wa Cartersville, jimbo la Georgia, ulipakwa tangazo linalotajwa kuwa la kwanza la Coca-Cola kuchorwa ukutani. Kufikia mwaka 1913 kampuni ilikuwa imegawa kwa mwaka huo mmoja zaidi ya vitu milioni 100 vyenye nembo yake.

Jambo la pili lililoamua sura ya soda ya Mwanza lilitokea mwaka 1899. Mawakili wawili wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walimfuata Candler wakaomba haki ya kuifunga Coca-Cola kwenye chupa karibu Marekani nzima. Alikubali kwa bei ya dola moja. Mkataba huo ulizaa mfumo ambao bado unatumika: kampuni mama hubaki na kiungo cha siri, jina na dira ya matangazo, na mshirika wa eneo hubeba kiwanda, chupa, kreti, malori na mikopo ya benki. Kwa hiyo soda inayoonekana ya Kimarekani huzalishwa na mtu wa karibu, anayejua barabara gani hujaa maji masika na duka gani hulipa madeni yake.

Chupa nayo ikafanywa tangazo. Mwaka 1915 kampuni ya kioo ya Root, ya Terre Haute, Indiana, ilibuni chupa yenye kiuno kwa kufuata agizo kwamba mtu aitambue hata akiipapasa gizani au akiikuta vipande vipande chini.

Pepsi ilitoka katika mji wa New Bern, North Carolina, ambako mfamasia Caleb Bradham alianza kuuza kinywaji chake mwaka 1893 na kukipa jina la Pepsi-Cola mwaka 1898. Ilifilisika mwaka 1923, ikafufuliwa, na wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ikapata hoja yake: chupa kubwa karibu mara mbili kwa senti tano zilezile. Tangu hapo sura za wapinzani hawa wawili zimekaa pale pale. Mmoja hujionyesha kama mwenye mji, mwingine kama kijana anayekuja na zaidi kwa bei ileile.

Vita, meli na reli

Soda ilisambaa duniani nyuma ya jeshi. Mwaka 1941 Robert Woodruff, mkuu wa Coca-Cola, aliahidi kwamba kila mwanajeshi wa Marekani atapata chupa kwa senti tano popote alipo, na katika vita hivyo viwanda 64 vya kujaza chupa vilipelekwa ng'ambo. Vita vilipokwisha kampuni ilikuwa na uzoefu na njaa ya masoko mapya. Ilianza Kenya mwaka 1948, na Tanganyika mwaka 1952.

Chupa ya kioo ni nzito, huvunjika, na lazima irudi kiwandani ikiwa tupu. Kwa hiyo soda ilifuata njia zilizokuwa tayari zimefunguliwa na mazao. Reli ya kutoka Tabora ilikuwa imefika Mwanza mwaka 1928, ikibeba pamba ya Usukumani kwenda pwani, na meli za ziwani ziliunganisha Mwanza na Bukoba, Musoma, Kisumu na Port Bell. Nje ya mitaa ya mjini na vituo vya reli na bandari, chupa ya soda ilikuwa kitu cha kuonekana kwa nadra, na tangazo lake lilikuwa na watazamaji wachache.

Soda ya mgeni

Kipindi kilichoijengea soda heshima kubwa kuliko chochote kampuni zilichokipanga ni kile ambacho soda haikupatikana.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 matangazo ya biashara yalibaki kuwa kitu kidogo katika maisha ya Mtanzania. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Redio ilikuwa moja, ya taifa, ingawa ilikuwa na idhaa yake ya biashara. Kisha ukaja mwisho wa miaka ya 1970: Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta iliyopanda, na hazina iliyokauka fedha za kigeni. Kiungo cha soda hununuliwa kwa dola. Sukari yenyewe ilipangiwa foleni. Viwanda vilizalisha chini ya uwezo wake na bidhaa za madukani zilisubiriwa kama mvua, na mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni dhidi ya wale iliowaita wahujumu uchumi.

Katika hali hiyo kreti la soda lilikuwa na maana pana. Aliyefunga ndoa na kuwapa wageni wake soda alikuwa ameonyesha kwamba ana watu, ana njia na ana uwezo. Nyumbani, mgeni wa heshima akifika, mtoto hutumwa dukani na chupa tupu mkononi, kwa sababu bila chupa tupu hakuna soda. Huulizwa kwanza mgeni anakunywa ipi. Chupa hurudi ikiwa juu ya sinia, na kizibo hufunguliwa mbele ya mgeni mwenyewe ili aone haijaguswa. Watoto hukaa mbali kidogo wakipiga hesabu ya kitakachobaki. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji mwenye umri wa miaka saba aliielewa methali hiyo kwa kina.

Soda iliingia pia hospitalini, mikononi mwa mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Ikawa kinywaji cha Idi na Krismasi, cha kipaimara na cha mahafali. Asiyekunywa pombe alipata chupa yake ya kushika kwenye sherehe, akakaa meza moja na mnywaji wa bia bila kujiona pungufu. Hakuna wakala wa matangazo aliyebuni hayo. Yalitungwa na kaya zenyewe, kwa adabu ya kumkirimu mgeni iliyokuwepo kabla ya soda, ambayo zamani ilitumia togwa, maziwa au kahawa.

Televisheni ilipokuja na kuonyesha familia inayocheka mezani kando ya chupa za soda, ilikuwa ikimrudishia Mtanzania picha aliyoichora mwenyewe. Kazi ya kampuni ilikuwa kuhakikisha kwamba picha hiyo haina chupa ya mpinzani.

Soko linafunguliwa

Milango ilianza kulegea mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu binafsi kuingiza bidhaa, ikafunguka zaidi mwaka 1986 chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi kwa makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Miaka michache baadaye vyombo vya habari binafsi viliruhusiwa. ITV na Radio One zilianza Dar es Salaam mwaka 1994. Mwanza ikapata sauti yake: Radio Free Africa, na baadaye Star TV, vyombo vya kampuni ya Sahara iliyoanzishwa na Anthony Diallo, vilivyosikika na kuonekana mbali kupita mipaka ya mkoa. Kwa mara ya kwanza tangazo la soda lingeweza kutoka Mwanza kwenda nchi nzima.

Viwanda navyo vikajipanga upya. Coca-Cola Kwanza ilianza mwaka 1995 kwa upande wa Dar es Salaam. Kaskazini, Bonite Bottlers ya Moshi, chini ya kundi la IPP la Reginald Mengi, ilihudumia Kilimanjaro na jirani zake. Kanda ya Ziwa ikawa eneo la Nyanza Bottling, yenye kiwanda katika ukanda wa viwanda wa barabara ya Musoma jijini Mwanza. Mwaka 2001 ilifuata SBC Tanzania, yenye haki ya Pepsi, Mirinda, 7UP na Mountain Dew, ambayo ilieneza viwanda vyake Dar es Salaam, Arusha, Mbeya na Mwanza.

Pepsi ilikuja ikiwa na rangi mpya. Mwaka 1996 kampuni mama ilikuwa imeamua kuwa buluu tupu, na kutangaza hilo ilipaka rangi ndege ya Concorde. Miaka michache baadaye buluu hiyo ilianza kuonekana kwenye milango ya maduka ya Nyamanoro, Kirumba na Pasiansi, kando ya nyekundu iliyotangulia.

Kibao, friji na kreti

Uwanja wa vita ulikuwa duka la mtaani. Ofisa mauzo huja na ofa. Duka litapakwa rangi bure, jina la mwenye duka litaandikwa kwa ufundi, na kampuni itachukua sehemu iliyobaki ya ukuta. Mwenye duka akilinganisha na gharama ya rangi na fundi, hana sababu ya kukataa. Kwa kampuni, bango la barabarani hukodishwa kwa mwezi, lakini ukuta wa duka hukaa miaka, na unasimama palepale soda inapouzwa.

Friji lilikuwa na nguvu zaidi. Kuuza soda Tanzania ni kuulizwa swali moja kila siku: ya baridi au ya moto? Ya moto maana yake haijawekwa kwenye friji, na wapo wanaoipenda hivyo, hasa wazee na wenye mafua. Lakini mteja wa mchana wa jua anataka ya baridi, na friji la kioo ni mtaji ambao duka jipya halina. Kampuni huliweka kwa mkataba. Friji hubaki mali yake, hubeba nembo yake, na vinywaji vya mpinzani haviruhusiwi kukaa ndani. Usiku, katika mtaa usio na taa za barabarani, friji hilo huwa moja ya taa zinazoonekana mbali. Mteja anadhani anaona duka, kumbe anaona tangazo lenye umeme unaolipiwa na mwenye duka.

Kreti ndilo lililofunga kazi. Kreti la kawaida hubeba chupa 24, na anayeanza biashara lazima anunue kreti na chupa tupu kabla ya kuuza soda ya kwanza. Chupa za Coca-Cola hazipokelewi na gari la Pepsi, wala za Pepsi na gari la Coca-Cola. Nyumba yenye chupa tupu nne za Fanta chini ya kabati itarudi kwenye Fanta hata kama mwenye nyumba hakuwahi kuona tangazo lolote la Fanta. Uaminifu wa mteja, ambao wataalamu wa masoko hutumia fedha nyingi kuutafuta, hapa ulilindwa na amana ya chupa.

Baada ya maduka zikafuata taasisi za umma. Katika miji mingi ya Tanzania kibao cha shule ya msingi, cha zahanati au cha ofisi ya serikali ya mtaa hubeba nembo ya soda pembeni mwa jina la taasisi. Ilemela, manispaa ambayo Pasiansi ni kata yake, ilikuwa na watu 343,001 katika sensa ya mwaka 2012 na 509,687 katika ile ya mwaka 2022. Mji unaokua kwa kasi hiyo huzaa mitaa, shule na vituo vya afya haraka kuliko bajeti ya kuviwekea alama. Kila palipokosekana kibao palikuwa na kampuni iliyo tayari kukitoa, na jina la soda likapata jirani ambaye hakuna fedha ya matangazo ingeweza kumnunua: jina la shule ya mtaa.

Uwanjani na jukwaani

Mpira ulikuwa hatua iliyofuata, kwa kuwa nao ulikuwa na pengo. Mwanza ni mji wa Pamba, mabingwa wa nchi mwaka 1990 ambao walipotea katika ligi kuu kwa miaka mingi hadi waliporejea mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji, na wa Toto African. Kutoka Pasiansi hadi uwanja wa CCM Kirumba ni mwendo mfupi wa bodaboda. Vipaji havikukosekana, ila mashindano ya vijana yenye mipira ya kutosha, jezi na nauli yalikuwa haba.

Coca-Cola, yenye mkataba na FIFA tangu miaka ya 1970, ilileta Copa Coca-Cola kwa vijana, na baadaye ikaingia kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISSETA. Kombe la Dunia lenyewe lilitembezwa Tanzania katika ziara za kampuni hiyo, ikiwamo ile ya mwaka 2009 kabla ya fainali za Afrika Kusini. Kwa taifa ambalo halijawahi kucheza fainali hizo, kupiga picha na kombe lilikuwa tukio la kukumbukwa, na kila picha ilikuwa na nyekundu nyuma yake.

Kwenye muziki, Coke Studio Africa ilianza mwaka 2013 na kurekodiwa Nairobi, ikiunganisha wasanii wa nchi tofauti. Bongo Fleva ilikuwa imekwisha kukua yenyewe. Ilichokosa ni jukwaa lenye bendi kamili, vyombo vizuri na watazamaji wa bara zima. Diamond Platnumz, Vanessa Mdee, Ali Kiba na Ben Pol walipita hapo. Fid Q, msanii wa hip hop aliyeitangaza Mwanza katika mashairi yake, aliwekwa pamoja na Maurice Kirya wa Uganda, na pande mbili za ziwa zikakutana studio moja. Pepsi nayo haikulala. Baadaye Diamond, aliyewahi kusimama katika jukwaa la nyekundu, alionekana akiwa balozi wa buluu. Wasanii walijifunza kwamba sura yao ina bei, na kwamba wanunuzi ni zaidi ya mmoja.

Wenyeji waingia

Kwa muda mrefu mfumo wa kreti uliwafungia nje wazalishaji wa ndani. Kuanzisha soda mpya kulihitaji mamilioni ya chupa za kioo kabla ya kupata shilingi ya kwanza. Chupa ya plastiki, inayonunuliwa na kutupwa, ilivunja ukuta huo. Haina amana, haihitaji kurudi, na inafaa kwa msafiri wa basi au wa boti ya Ukerewe.

Said Salim Bakhresa, ambaye jina la Azam lilikuwa tayari kwenye unga wa ngano na askrimu, aliliweka kwenye juisi na kola. Mohammed Dewji wa MeTL aliweka kifupi cha jina lake, Mo, kwenye vinywaji vyake. Kundi la Motisun likaja na Sayona. Hawakuwa na miaka mia moja ya picha na nyimbo nyuma yao. Walichofanya ni kuichukua mbinu ya zawadi na kuipanua kuliko walimu wao.

Coca-Cola ilidhamini mashindano, lakini Bakhresa alijenga klabu. Azam FC ilipanda ligi kuu mwaka 2008 na kuwa bingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. Mwishoni mwa mwaka 2013 ikazaliwa Azam TV, na mwaka 2021 kituo hicho kilisaini mkataba wa miaka kumi wa haki za ligi kuu wenye thamani ya zaidi ya Sh225 bilioni. Shabiki wa Pasiansi anayeangalia Pamba Jiji ikicheza hutazama kupitia king'amuzi chenye jina lililo kwenye juisi yake. Dewji naye alishinda zabuni ya kuwekeza katika klabu ya Simba mwezi Desemba 2017, na jina lake likawa katika mazungumzo ya kila kijiwe cha kahawa bila kulipia sekunde moja ya redio.

Hapo maana ya kununua soda iliongezeka kitu. Kwa kizazi cha miaka ya 1980, Coca-Cola au Fanta ilikuwa dalili ya kuifikia dunia. Kwa kijana wa leo, kola ya nyumbani inaweza kuwa dalili ya kuisimamia timu yake au tajiri wa kwao. Na bei ya chini husaidia hoja hiyo kumezwa.

Kilicho ndani ya chupa

Je, haya yote yanabadilisha ladha? Mwaka 2004 watafiti wa Chuo cha Tiba cha Baylor, Houston, waliwapima watu ubongo wakiwa wanakunywa kola. Walipokunywa bila kujua jina, walionyesha kuzipenda Coca-Cola na Pepsi kwa kiasi kinachokaribiana. Walipoambiwa kwamba hii ni Coca-Cola, sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu zilichangamka na mapenzi yao yakaegemea huko. Kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kulipia somo hilo. Mwezi Aprili 1985 ilibadilisha ladha baada ya majaribio kuonyesha kuwa mpya inapendwa zaidi. Wateja walikasirika, na Julai ya mwaka huohuo ile ya zamani ikarudishwa. Walichokuwa wakidai ni mali ya kumbukumbu zao, na ulimi haukuulizwa.

Mwili, hata hivyo, hausomi nembo. Kopo la mililita 330 la Coca-Cola ya kawaida lina takriban gramu 35 za sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu 25. Afrika Kusini iliweka kodi maalumu ya vinywaji vyenye sukari mwezi Aprili 2018. Soda iliyokuwa ya mgeni, mara mbili au tatu kwa mwaka, haikuwa tatizo la afya. Soda ya kila siku ni hesabu nyingine, na plastiki yake ni hesabu ya tatu: ikitupwa kwenye mtaro wa Pasiansi, mvua ikinyesha, njia yake huishia ziwani.

Ugumu zaidi uko kwenye watoto. Coca-Cola kwa miaka mingi ilikuwa na kanuni ya kutoelekeza matangazo yake kwa watoto wenye umri chini ya miaka 12. Lakini kibao kinachosimama kwenye lango la shule ya msingi husomwa kila asubuhi na watoto wa umri huohuo, na ni miongoni mwa maandishi ya kwanza wanayojifunza. Anayekitazama kama msaada kwa shule yuko sahihi. Anayekitazama kama tangazo naye yuko sahihi, na ustadi wa mbinu hii tangu Cartersville umekuwa kuwafanya watu waone cha kwanza tu.

Serikali imeshaonyesha kwamba inajua ukuta una thamani. Mwaka 2017 ukusanyaji wa ada za mabango uliondolewa halmashauri ukapewa Mamlaka ya Mapato, na miaka michache baadaye ukarudishwa halmashauri. Mabishano hayo yalikuwa juu ya nani achukue fedha. Swali la nani ana haki ya kuandika jina lake kwenye lango la shule, na kwa malipo gani, halikuwa na msemaji.

Kampuni za soda hazikuiba nafasi hizo. Zilizikuta wazi, zikalipa bei iliyotajwa, ambayo kwa kawaida ilikuwa kibao kimoja na lita kadhaa za rangi. Manispaa inayotaka malango ya shule zake yabebe majina ya shule peke yake inayo njia iliyonyooka ya kuyarudisha: iviweke vibao hivyo kwenye bajeti yake ya mwaka, sambamba na chaki na madawati. Na kama itaona hiyo ni gharama kubwa mno, basi itakuwa imepata walau kipimo cha kuanzia majadiliano, pale ofisa mauzo mwingine atakapokuja na kopo la rangi akisema kazi hii ni ya bure.